Nishani isiyo na jina: shajara ya mradi wangu

9 Machi

Naanza kuandika leo ili nisije nikasahau nilifanya nini lini, manake miradi yangu mingi inafia stoo na mke wangu ameshaanza kuihesabu. Kitu chenyewe nimekipata Jumapili iliyopita hapa Melbourne, kwenye soko lile la watu kuuza vitu vyao vya zamani nyuma ya magari. Mzee mmoja alikuwa na kopo la vifungo na funguo zilizoshika kutu na vijiko visivyo na wenzake, nikachakura weee, chini kabisa nikakuta hii. Alitaka dola 85, tukavutana, nikatoa 70, nilivyofika kwenye gari ndo nikajiuliza hivi nimenunua nini.

Ni nishani. Umbo lake la yai, urefu kama kidole gumba changu kutoka kwenye ncha mpaka kwenye kiungo. Katikati pako wazi, mwanga unapita, pamesimama herufi tatu zilizosokotana kama mizizi, G na R na I, juu yake taji, vyote vimepakwa dhahabu, na kuzunguka hapo kuna mkanda wa fedha ulioandikwa COLONIAL AUXILIARY FORCES. Inaning'inia kwenye utepe wa kijani mtupu, upana wa kama vidole viwili, kijani ambacho zamani lazima kilikuwa kinawaka ila sasa kimekuwa rangi ya kisamvu kilicholala.

Sababu ya kununua ni binti yangu. Darasa lao la Kiswahili la Jumamosi lina maonyesho mwezi wa sita, kila familia ilete kitu kimoja cha kale pamoja na hadithi yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili. Wenzake wataleta vinu na kanga za bibi. Sisi kanga za bibi ziliibiwa na kontena zima, hiyo ni hadithi nyingine siitaki. Kwahiyo mpango ni huu: natengeneza kasha la mbao lenye kioo, nishani inakaa ndani, pembeni maisha ya mwenyewe aliyeivaa. Kasha ni kazi yangu ya kila siku, mi ni seremala. Hayo maisha ndo sijui.

10 Machi, usiku

Nimefanya ujinga. Nimeipaka dawa ya kung'arishia shaba, nikasugua na soksi, fedha ikaanza kutoka nyeupe safi nikafurahi, nikaendelea mpaka kwenye taji, na dhahabu ya ncha ya taji ikabaki kwenye soksi. Ndo naambiwa sasa hivi na kila mtu anayekusanya hivi vitu kwamba hazisuguliwi, KABISA, ule weusi ni sehemu ya umri wake. Haya. Ncha ya taji imebaki nyeupe kama jino.

Ila kusugua kumenionyesha kitu. Mgongoni mwake ndipo walipokuwa wanachonga cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Nikazima taa, nikawasha tochi ya simu nikailaza pembeni kabisa ili mwanga uteleze juu ya chuma, ukaona mistari myembamba mingi inakwenda upande mmoja. Hiyo ni tupa. Mi najua alama ya tupa nikiwa nimefumba macho. Mtu amekaa akalisaga jina mpaka likaisha, nadhani ili auze bila watu kuuliza ya nani. Mkono wake ulichoka mwanzoni mwa mstari kwasababu pameponea herufi tatu: C, a, p. Basi. Alikuwa kapteni. Kapteni nani, wa wapi, tupa imekula.

16 Machi

Wiki nzima nasoma nikiwa kwenye treni. Niliyopata mpaka sasa ni haya. Hii nishani ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1899 kwa ajili ya maofisa wa makoloni ambao si wanajeshi wa kudumu, yaani mchana ana kazi yake, jioni na wikiendi anavaa gwanda. Masharti yake ni miaka 20 ya utumishi. Hakuna tendo la ushujaa linalotakiwa, hakuna vita, unaweza ukaipata hujawahi kuona adui maisha yako yote. Waliotumikia Afrika Magharibi muda wao ulihesabiwa mara mbili, mwaka mmoja kuwa miwili, na aliyewahi kuugua malaria hahitaji kuelezwa kwanini.

Zile herufi GRI ni za mfalme, George wa Tano, yeye alishika kiti 1910. Na mwaka 1930 nishani hii ikafutwa ikaja nyingine mahali pake. Kwahiyo huyu kapteni wangu alipewa katikati ya hapo, na ukirudisha nyuma miaka 20 utaona aliapishwa kuanzia kama 1890 hivi mpaka 1910. Si haba kwa kitu kisicho na jina.

Askari wa kawaida wa vikosi hivohivo walikuwa na medali yao tofauti, ya duara, ya fedha tupu, nayo miaka 20. Miaka ni ileile, dhahabu kwa bwana mkubwa tu.

Halafu kuna hili. Aliyepewa alikuwa na haki ya kuandika herufi mbili baada ya jina lake: VD. Nilivyomwambia mke wangu, yeye ni nesi, alicheka mpaka akakaa chini, manake kwa Kiingereza cha hospitali VD ni magonjwa ya zinaa. Eti "Kanali fulani, VD". Ile iliyokuja 1930 huku makoloni waliandika ED. Sisemi ndo sababu ya kuibadilisha, nasema tu imebadilishwa.

23 Machi

Nimekwama kwenye neno moja. Kiingereza wanasema huyu alikuwa ofisa wa "milishia". Kiswahili ni nini? Kwetu Tanzania hilo jibu linajulikana, mgambo. Nikaandika "medali ya ofisa wa mgambo wa kikoloni", nikamtumia mwalimu wa darasa, dada mmoja wa Mombasa ambaye hana mchezo na lugha. Akanipigia.

"Kaka, shikamoo ya kwanza ni kwa hiyo kazi, nzuri. Lakini medali ni ya mpira. Hii yaitwa nishani."

"Sawa mwalimu. Na mgambo?"

"Mgambo wapi! Watoto wa Dar wakisoma hapa watadhani bwana huyu alikuwa akivunja meza za wamachinga."

Ni kweli bwana. Ukisema mgambo Dar leo mtu anaona kirungu na mama ntilie anakimbia na sufuria. Lakini neno lenyewe halina kosa, mgambo ni lile baragumu la kuita watu, wazee si wanasema likilia la mgambo lina jambo. Likilia, unaacha jembe unakwenda kusikiliza. Ndo hawa hasa, watu wa kuitwa. Na baba yangu mdogo alikuwa mgambo, akafundishwa na bunduki ya mti, ilipokuja vita ya Kagera 1978 wakawabeba kwenye malori wakaenda wakapigana kweli. Alikuwa mkulima wa kahawa. Sikuwahi kumuuliza hata siku moja, sasa hayupo.

Nimekaa na mgambo. Mwalimu amekubali kwa shingo upande, kwa sharti niandike mstari mmoja wa kueleza.

30 Machi

Jirani yangu mzee wa Uvira amekuja kuazima bisibisi akaikuta mezani. Yeye anaiita medaye. Akaigeuza, akaipima uzito kwenye kiganja.

"Sasa huyu mutu aliua bangapi?"

"Hakuua mzee wangu. Hii hawatoi kwa kuua. Alihudhuria miaka ishirini."

"Alihudhuria?"

"Ee. Alikwenda kila walipomuita."

Akafikiria. "Basi mimi kanisa banipe ya dahabu mutupu."

Akaondoka na bisibisi, mpaka leo hajairudisha. Lakini hilo neno "alihudhuria" nimeliandika kwa penseli kwenye ubao wa kazini kwangu, kwasababu nimesoma kurasa mia za Kiingereza hakuna aliyeniambia kwa ufupi hivo.

6 Aprili

Uamuzi. Kapteni wangu siwezi kumpata, nimekubali. Nimejaribu magazeti ya zamani, Maktaba ya Taifa ya Australia wameyaweka mengi kwenye intaneti bure, Trove wanaita, unatafuta neno lolote. Lakini utafute nini, "kapteni"? Walikuwa mamia.

Kwahiyo nitaandika maisha ya mwingine mwenye herufi hizohizo VD, aliyepanda ngazi zilezile, miaka ileile, mji huuhuu, ambaye rekodi zake zipo: John Monash. Sura yake ipo kwenye noti ya dola 100, chuo kikuu kina jina lake, barabara kuu ninayokwenda nayo kazini ina jina lake, na mi miaka sita napita hapo nilidhani ni jina la mtaa. Watu wa hapa wanamjua kama jenerali wa 1918. Mi namtaka wa kabla ya hapo. Alikuwa kapteni mwaka 1895, na C-a-p ya kwangu imetoka kizazi hichohicho.

13 Aprili

Naandika rasimu kwanza hapa, nitapunguza baadaye.

Amezaliwa West Melbourne 27 Juni 1865. Wazazi wake Wayahudi kutoka Prussia ya wakati ule, baba mji wa Krotoschin, nyumbani wanaongea Kijerumani. Baba alifungua duka mji mdogo wa Jerilderie, huko New South Wales, na yeye mwenyewe ukubwani alikuwa akisimulia kwamba aliwahi kukutana na yule jambazi Ned Kelly. Shule alikuwa kichwa, Scotch College alimaliza juu kabisa mwaka 1881. Chuo kikuu akaharibu. Aligundua thieta, maktaba ya mji, mijadala, madarasani haonekani, akafeli mwaka wa kwanza. Mama yake akafa 1885, pesa ikaisha, akaacha masomo akaenda kufanya kazi kwenye ujenzi wa daraja la Princes pale mtoni Yarra. Alirudi kumaliza baadaye na akaongeza shahada ya sanaa na ya sheria juu ya uhandisi, lakini nataka watoto wasome kwamba alifeli kwanza.

Mgambo alijiunga 1884 akiwa mwanafunzi, kombania ya chuo, askari wa kawaida asiye na cheo. Ile kombania ilivunjwa, na mwaka 1887 akapata uofisa kwenye mizinga ya ngome, betri (ndo wanavyoita kikosi cha mizinga) ya North Melbourne. Hapo ndo saa ya miaka ishirini inaanza kuhesabu.

Kazi ya mizinga ya ngome nimeipenda sana. Koloni la Victoria lilikuwa na dhahabu na lilikuwa linaogopa Warusi, kweli, Warusi, kwamba ipo siku manowari zao zitaingia kwenye ghuba ya Port Phillip wapige mji. Wakajenga ngome kwenye mdomo wa ghuba, Queenscliff huku na Point Nepean kule. Karani wa benki, fundi, mwanasheria, jioni wanakwenda kujifunza kulipima bomba la tani kadhaa lielekee kwenye meli ambayo haipo. Mwaka hadi mwaka, na Mrusi haji. Mwenyewe akapanda, kapteni 1895, meja 1897 na betri yote ikawa chini yake kwa miaka kumi na moja.

Na mizinga yenyewe? Tarehe 5 Agosti 1914 ngome ya Nepean ilifyatua kombora moja mbele ya meli ya mizigo ya Kijerumani, Pfalz, iliyokuwa inajaribu kutoka bandarini saa chache tu baada ya vita kutangazwa. Meli ikageuka ikarudi. Inasemwa ndilo kombora la kwanza la upande wa Waingereza kwa vita nzima ile. Miongo ya mazoezi ya Pasaka kwenye matope, kombora moja, nalo likaangukia majini.

Jumatatu ya Pasaka

Nimewapeleka watoto daraja la Morell, karibu na bustani ya mimea, siku hizi ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu. Lina matao matatu ya zege yenye nakshi za madragoni, la mwaka 1899. Kampuni ya Monash na mwenzie Anderson ndo walikuwa wanaleta hii teknolojia ya zege lenye nondo ndani, hakimiliki ya Mfaransa Monier, wakati watu wengi hapa hawaiamini. Binti yangu alitambaa chini ya tao akasema baba huku kuna alama za mbao. Nikainama nikaona kweli, sura ya mbao za fomu imebaki kwenye zege, mstari kwa mstari. Seremala fulani alipigilia zile mbao. Nimesimama pale muda mrefu kuliko watoto walivyotaka.

Nyumbani nimeongeza kwenye rasimu: mwaka 1894, uchumi umeanguka, Monash alifukuzwa kazi bandarini, ana mke na mtoto wa mwaka mmoja. Ndo wakafungua kampuni. Mei 1901 daraja lao jingine, la King's kule Bendigo, likaanguka wakati wa majaribio, mtu mmoja akafa, wakalijenga upya kwa pesa zao na madeni yakawakalia miaka. Muda wote huo jioni anakwenda kwenye betri. Hapo ndipo mi nashangaa. Mtu anadaiwa kila kona na bado Jumatano anapiga pasi gwanda. Labda ndo palikuwa pa kupumulia, sijui, mi nikidaiwa naingia kwenye karakana najifungia.

Miaka 20 kutoka 1887 inatimia 1907. Mwaka uliofuata akapewa ukanali mdogo na kuhamishiwa kwenye kikosi kipya cha upelelezi, kazi kubwa ikiwa kuchora ramani, kwasababu nchi ilikuwa haina ramani za kijeshi za maana. Mwaka 1913 kanali kamili, brigedi ya 13.

4 Mei

Kasha. Nimetumia masalia ya jarrah kutoka kazini, bosi ameruhusu. Jarrah ni mti wa Australia Magharibi, mwekundu kama mninga ulioloa, mgumu, unakula patasi. Vipimo sentimita 22 kwa 16, kina 5. Pembe nimeziunga kwa meno ya mkia wa njiwa na kona ya kwanza nimekata meno upande usio wenyewe, nimeitupa. Ya pili imeingia kavukavu bila gundi na ukiigonga inalia kama kitu kimoja.

Kazi ngumu ni ndani. Nishani haitakiwi kugusana na kitu kibichi, gundi mbaya na baadhi ya mbao zinatoa hewa inayoharibu madini. Kwahiyo ndani nimeweka ubao mwembamba uliofunikwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara tatu bila sabuni ya marashi, nishani imeshikwa kwa uzi mweupe mara mbili, mmoja juu kwenye pini mmoja chini ya yai. Utepe sikuufua. Mtu mmoja aliniambia nibadilishe niweke mpya, unauzwa kwa mita. Hapana, hicho kisamvu ndo chenyewe.

Vanishi nimepaka nje tu. Msasa namba 240 halafu 400.

18 Mei

Rasimu imefika vitani na nimeifupisha kwa makusudi. Agosti 1914 kwanza wakampa kazi ya ofisi, kukagua barua na habari. Halafu brigedi ya 4. Watu wakaanza kunong'ona: huyu si Mjerumani huyu? Gallipoli, Uturuki, alitua 26 Aprili 1915, kuna bonde kule lilipewa jina lake. Divisheni ya 3 mwaka 1916. Katikati ya 1918 akakabidhiwa kikosi kikuu kizima cha Waaustralia, na waandishi wa habari wawili wenye nguvu, Charles Bean na Keith Murdoch, wakazunguka wakijaribu apewe mwingine, haikufua dafu. Vita ya kijiji cha Hamel, Ufaransa, 4 Julai 1918, alipanga dakika 90 ikachukua 93, vifaru na ndege na mizinga na Wamarekani kidogo vyote kwenye ratiba moja kama treni. Tarehe 12 Agosti mfalme, yuleyule wa GRI yangu, akampa cheo cha Sir pale kasri la Bertangles, Ufaransa.

Mwalimu akauliza mbona vita ina aya moja na daraja lina tatu. Nikamwambia mwalimu, hii nishani haikutolewa kwa Hamel. Ilishatoka zamani, kabla hata vita haijafikiriwa. Hizo dakika 93 zina vitabu vyake, jioni za Jumatano hazina.

Akanyamaza kidogo. "Haya. Lakini 'haikufua dafu' wakisoma watoto wa huku utaeleza wewe dafu ni nini."

Kuna kitu lakini nimekiongeza cha baada ya vita kwasababu binti aliuliza "halafu akafanyaje kazi gani". Aliwarudisha nyumbani kwa meli Waaustralia kama laki moja na elfu sitini. Kisha akaongoza shirika la umeme la jimbo, makaa ya kahawia ya Yallourn yenye maji mengi hata kuwaka hayataki, wakayawasha. Taa ya jikoni kwetu, kwa maana fulani.

1 Juni

Leo nimekwenda makaburi ya Brighton. Nilikuwa nataka picha ya mwisho ya ukurasa. Alikufa 8 Oktoba 1931, mazishi yake watu walijaa barabarani wanakadiria kuanzia laki mbili na nusu. Mtu wa namna hiyo natafuta kaburi kubwa, natazama juu, nimepita mara mbili. Baridi, upepo unatoka baharini, mikono mfukoni.

Ni jiwe la kawaida. Limeandikwa maneno mawili, JOHN MONASH. Hakuna jenerali, hakuna Sir, hakuna zile herufi zake za heshima GCMG na KCB, hakuna VD. Mwenyewe aliagiza hivo.

Nilikuwa nayo mfukoni, sikuwa nimepanga, niliibeba kwa ajili ya kupima uzi mpya dukani. Nimeitoa nikaishika kiganjani. Hii ina cheo na mfalme na taji na miaka ishirini na haina jina. Lile pale lina jina tu. Nimepiga picha moja ikatoka na kivuli changu, nikaiacha hivohivo. Nimeweka kokoto juu ya jiwe kama nilivyoona kwenye mengine, ni desturi ya Wayahudi, kisha nikarudi kwenye gari nikawasha hita dakika kumi.

8 Juni

Maonyesho yamefanyika. Vinu vitano, kanga nyingi, redio moja ya mbao ya mtu wa Bujumbura iliyonizidi kete kabisa, ilikuwa inaimba.

Kadi ya kila kitu ilikuwa na mistari ya kujaza, Kitu, Mwaka, Mwenyewe. Binti alijaza mwenyewe kwa mwandiko wake: Kitu, nishani ya mgambo. Mwaka, kati ya 1910 na 1930. Kwenye Mwenyewe akaandika "Cap" halafu akachora mistari ya tupa mpaka mwisho wa kadi. Sikumwambia afanye hivo.

Mzee wa Uvira alikuja na suti. Alisoma kurasa zote mbili kwa kidole, taratibu, aliporudi kwenye kasha akainama mpaka kioo kikapata ukungu.

"Ule mwenye daraja kumbe alianguka pia."

"Daraja ndo lilianguka mzee, yeye alilijenga tena."

"Ndiyo. Nilisema hivyo." Halafu: "Bisibisi yako iko, nitaleta."

Vilivyobaki: bawaba ya kushoto inakwaruza, nitaipeleka nyuma milimita moja. Ndani ya kioo kuna alama ya kidole, nadhani yangu. Na nimempigia shangazi Rombo nikamuuliza kama kuna mtu ana karatasi zozote za baba mdogo za mgambo, amesema kuna sanduku la bati chini ya kitanda, atafute ufunguo.